Kilo Mia na Nne

Mzani wa wodi ya kusafishia damu ulikaa sakafuni karibu na mlango, mpana kama meza ya chakula, na hakuna aliyeingia wala kutoka bila kuupanda. Mwalimu aliupanda mara sita kwa wiki, mara tatu akija na mara tatu akiondoka. Jumatano hiyo, mashine ilipomwachia baada ya saa nne nzima, alisimama juu yake akafumba macho kama mtoto anayengoja sindano.

"Mia na nne," Sista akasoma, akaandika kwenye faili. "Safi kabisa. Umetoka palepale tunapopataka."

Sista alisema kwa nia njema, na tabasamu lake lilikuwa la kweli, kwa hiyo Mwalimu naye akajikakamua akatabasamu. Kisha akashuka taratibu, akaketi kwenye benchi kuvaa viatu, na machozi yakamlenga. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa ule uchovu unaokukuta umelala na kukusubiri uamke.

Miezi minne sasa hakuwa akila chakula cha kueleweka. Asubuhi alikunywa chai kidogo kwa kipande cha mkate. Mchana aliwaambia walimu wenzake kwamba atakula nyumbani. Jioni alimwambia dada yake, ambaye waliishi pamoja, kwamba alishakula shuleni, akaonja vijiko viwili vitatu vya wali ili kumridhisha. Usiku tumbo lilimlalamikia, naye akaliambia linyamaze, kana kwamba anaongea na mtoto wa darasa la kwanza. Na baada ya yote hayo, kila alipotoka kwenye mashine, mzani ulimjibu neno lilelile. Mia na nne.

Njaa hiyo ilikuwa na sababu. Daktari wa upasuaji alimweleza bila ukali kwamba figo ya kaka yake inamfaa, na kaka mwenyewe amekubali kwa moyo mmoja, ila mwili wa Mwalimu ulikuwa mzito mno kwa kisu. Ashuke mpaka kilo tisini na mbili ndipo waanze kuzungumza habari ya tarehe. Akamwandikia karatasi ya kwenda kwa mtaalamu wa lishe. Siku ya mtaalamu iligongana na siku ya mashine, wakamwambia angoje ya mwezi ujao, na mwezi ujao ukagongana tena. Mwalimu akaitia karatasi kwenye droo, akajifanya mtaalamu mwenyewe.

Njaa aliizoea, lakini macho ya watu hakuyazoea. Mgonjwa aliyekonda hupewa pole kabla hajafungua mdomo. Mgonjwa mnene hutazamwa kwanza. Mzazi mmoja aliwahi kumwuliza mwalimu mkuu, Mwalimu akiwa nyuma ya mlango, kama kweli huyu wa darasa la kwanza anaumwa, maana mgonjwa gani mashavu yamejaa hivyo. Watu walimshauri apunguze kula hata pale alipokuwa hana kitu tumboni tangu jana. Walimshauri atembee, kana kwamba hawakumwona akisimama katikati ya uwanja wa shule akijifanya anatazama mawingu, ili apate kupumua.

Walikuwepo na wenye huruma. Sista ni mmoja wao. Viti vya wodini vilikuwa na mikono iliyombana mapaja mpaka yakaacha alama. Siku moja Mwalimu alifika akakuta kiti kimoja kipana, kisicho na mikono, kimewekwa upande wa ukutani. Sista alimwambia mbele ya wagonjwa wote kwamba amemhamishia huko kwa sababu huko hakuna upepo wa feni. Hakutaja upana wa kiti, wala hakuutaja tangu siku hiyo.

Na alikuwepo Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamume mjane wa miaka arobaini na mitano, mtu wa maneno machache na sindano mdomoni. Walikutana miaka miwili nyuma, siku aliyokuja kupima watoto wa darasa la kwanza. Tangu hapo, kila siku ya mashine alifunga kiduka chake akaja kumngoja nje ya wodi. Hakumwuliza anajisikiaje, kwa kuwa alishajua swali hilo halina jibu. Alimwuliza tu, "Leo twende polepole, au polepole sana?" Naye Mwalimu, hata akiwa hoi, alicheka.

Jumatano hii alikuwa amemwomba asije. Alimwambia atapita mwenyewe dukani mchana, ana jambo. Fundi alifurahi, maskini, akadhani ni jambo la nguo aliyokuwa akimshonea.

Jambo lenyewe lilianza Jumapili, mama yake Fundi alipokuja kubisha hodi. Dada hakuwepo. Bi mkubwa alikataa chai, akakaa kwenye ncha ya kochi na mkoba mapajani, akauliza habari za kazi, za afya, za majirani, mpaka salamu zikamwishia. Ndipo akasema alilolijia.

"Mwanangu, sikuja kukutukana. Wala sina neno na unene wako, mimi mwenyewe ujanani nilikuwa najaa mlango. Neno langu ni na kaburi. Siku mwanangu anamzika mkewe nilimshika mkono, na mkono ule haukuwa na mtu. Kama nimeshika shati. Miaka mitatu nimekaa namrudisha kijiko kwa kijiko. Sina nguvu za kumrudisha mara ya pili."

Mwalimu aliinamisha macho kwenye mkoba wa mama.

"Wewe una akili," mama akaendelea, sauti imeshuka. "Mwache wewe, kwa sababu yeye hawezi."

Mtu akikujia na matusi unajua pa kushika. Huyu alikuja na mapenzi ya mama, na Mwalimu alikuwa amechoka. Akaahidi. Kabla ya Ijumaa, alisema, atakuwa amemaliza. Mama akaishika mikono yake yote miwili, akaibusu, akaondoka akifuta macho.

*

Kiduka cha Fundi kilikuwa na ngazi mbili tu, na Mwalimu alipumzika katikati yake. Alishika mwimo wa mlango, kifua kikipanda na kushuka. Ndani Fundi alimwona. Badala ya kumkimbilia, aliinama chini ya meza akaanza kutafuta kitu, akinung'unika kwamba sindano za siku hizi zina miguu. Alitafuta kwa muda uleule ambao Mwalimu aliuhitaji ili pumzi irudi. Alipoinuka hakuwa na sindano mkononi.

Chumba kilijaa sare za kijani zilizotundikwa, harufu ya pasi na ya kitambaa kipya. Kwenye kona, peke yake, lilining'inia gauni la rangi ya zambarau lililobakiza pindo. Lilikuwa la Mwalimu. Fundi alilikata miezi minne nyuma kwa ajili ya siku ambayo familia mbili zingekaa pamoja kupanga ndoa.

Mwalimu alikuwa ameyapanga maneno yake njiani kama anavyopanga somo, lakini alipoketi yote yakamruka.

"Nguo hiyo usiimalizie, Fundi," akasema.

"Kwa nini?"

"Sitaivaa."

Fundi akazima pasi. Akaiweka mahali pake, akaukunja waya wake vizuri. Kisha akasema, "Mama alikuja kwako."

Mwalimu akakana.

"Alikuja. Jumapili alirudi nyumbani akala sahani mbili, na mama hali sahani mbili mpaka awe ametua mzigo."

Basi Mwalimu akaacha kukana. Akamweleza kwa sauti ndogo kwamba mama hakukosea. Mtu wa mashine ana siku tatu za wodi na siku nne za kupona kutoka wodini. Kiu inamwandama kama deni naye hawezi kuinywea. Ngozi inawasha usiku. Na kaka anaingoja tarehe ambayo haitakuja kwa sababu mwili wa Mwalimu umekataa katakata kupungua. Alisema yote bila kulia. Alishavuka pa kulia.

"Sijachoka na wewe," akamalizia. "Nimechoka kuwa mtu wa kungojwa nje ya mlango. Tafuta mwanamke mwenye afya. Hata nguo zake zitakula kitambaa kidogo."

Mzaha huo wa mwisho haukumchekesha hata mmoja wao. Fundi alimtazama kwa muda mrefu, kwa yale macho yake ya kupima, ambayo siku zote yalimfanya Mwalimu ajisikie kama kitu chenye thamani ambacho mtu hataki kukikata vibaya.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini nguo yangu haitupwi kabla haijajaribiwa. Hilo si la mapenzi, ni la kazi. Ijaribu, halafu uondoke."

Mwalimu hakuwa na nguvu za kubishana. Akaingia nyuma ya pazia, akavua, akavaa, akatoka akiwa ameshikilia kifua cha gauni kwa mkono, kwa sababu mabega yalikuwa yakimteleza.

Fundi akakunja uso. Miaka ishirini ya kushona, na hajawahi kukosea bega kiasi hicho. Akalivuta la kulia, likatoa nafasi ya vidole vinne. Akaishika mikono ya gauni, ikapwaya kama ya kuazima. Lakini kiunoni nguo ilibana, na tumboni mshono ulikuwa umekaza. Akaenda kwenye rafu, akachukua daftari lake la vipimo, akafungua ukurasa wa miezi minne nyuma. Kisha akaja na tepe.

Aliupima mkono wa kulia. Wa kushoto hakuugusa. Huo ulikuwa mkono wa mashine, wenye mshipa unaovuma chini ya ngozi kama nyuki ndani ya chupa, na Fundi alishajifunza siku nyingi kwamba mkono huo haubanwi, haulaliwi, haubebeshwi hata mkoba. Akapima mabega. Akapima shingo. Akarudia mkono.

"Mkono ulikuwa inchi kumi na saba," akasema. "Leo ni kumi na nne na nusu. Mwalimu, umepungua."

"Leo asubuhi mzani umesema mia na nne."

"Mkono huu si wa mia na nne."

"Basi tepe yako imelegea."

"Tepe yangu haijui kumpendezesha mtu."

Akapiga magoti kupima pindo, na hapo akaona miguu. Ukanda wa kiatu ulikuwa umezama kwenye nyama. Akaweka kidole gumba juu ya kifundo, akabonyeza taratibu, akaondoa. Shimo la kidole likabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa. Fundi alilitazama shimo lile mpaka likajaa, na lilichukua muda kujaa.

"Huwa unalala vipi?" akauliza akiwa bado chini.

Mwalimu akauvuta mguu wake nyuma.

"Nakuuliza unalala vipi."

"Kwa mito mitatu. Wiki mbili hizi nalala kitini."

"Sista anajua?"

"Hajui. Akijua atanilaza, na nikilazwa nitakosa shule."

"Na unakula nini?"

Hapo ndipo alipomwambia. Chai, mkate, vijiko viwili vya wali. Alisema akitazama ukuta, kama mtu anayekiri wizi.

Fundi akasimama. Katika miaka miwili Mwalimu hakuwahi kumwona amekasirika, na sasa alivyomwona hakuujua uso ule. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

"Marehemu naye alinificha," akasema. "Uvimbe alikuwa nao mwaka mzima, akinificha ili nisiumie. Nilikuja kuambiwa na daktari, mbele ya watu, mimi niliyelala naye kitanda kimoja. Na sasa wewe. Mama yangu anakuja kwako kwa siri ili aniokoe. Wewe unashinda njaa kwa siri, halafu unakuja kuniacha ili uniokoe. Kila mtu ananiokoa. Hakuna hata mmoja anayeniambia kitu."

Mwalimu alishikilia mabega ya gauni; neno lile lilimpata pale lilipostahili.

Zile sare za kijani zilining'inia kama darasa lililoambiwa linyamaze. Kisha Fundi akakaa kwenye kigoda cha cherehani, akajipangusa uso, na akili yake ya ufundi ikamrudia.

"Nieleweshe kitu kimoja," akasema. "Mashine inavuta maji. Inajuaje pa kukomea?"

Mwalimu akamweleza, kwa ile subira ya darasa la kwanza ambayo haimtoki hata akiwa amevunjika moyo. Kuna uzito uliopangwa. Daktari aliupanga mwaka jana, mia na nne. Akifika na mia na sita na nusu, Sista anapiga hesabu, anaiambia mashine ivute kilo mbili na nusu, naye Mwalimu anatoka akiwa mia na nne. Akifika na mia na sita, inavuta mbili, na...

Akanyamaza katikati ya sentensi.

"Na unatoka mia na nne," Fundi akamalizia polepole. "Hata ungefunga mwaka mzima ungetoka mia na nne. Si mwili uliokataa, Mwalimu. Wanakurudisha palepale kila siku. Mimi nikitoa pamba kwenye mto nikajaza maji mahali pake, mzani utajuaje?"

Mwalimu akauangalia mkono wake wa kulia, uliokonda ndani ya kitambaa cha zambarau. Miezi minne alikuwa akiona mwili wake mkaidi, akiuadhibu, akiunyima. Na mwili maskini ulikuwa umetii siku zote. Nyama ilikuwa ikiondoka na maji yakihamia, kimyakimya, mpaka kifuani, ndiyo maana akilala anahisi kama amekaliwa.

"Nisaidie kuvua," akasema. "Twende kwa Sista."

*

Wodi ilikuwa bado na wagonjwa wa mchana. Sista aliwasikiliza wote wawili wamesimama mlangoni, akaibonyeza mwenyewe miguu ya Mwalimu, akafungua faili akapitisha kidole kwenye safu ya namba, mia na nne, mia na nne, mia na nne, ukurasa mpaka ukurasa. Hakutafuta wa kumsukumia lawama.

"Nilikuwa naona namba imetoka sawa, nafurahi," akasema. "Miguu yako siku zote ni minene, nikaacha kuitazama. Nisamehe, Mwalimu."

"Nami nilikuficha," Mwalimu akasema. "Tusameheane tu, Sista, tutachelewa."

Daktari wa zamu akaja, akasikiliza mgongo, akapiga picha ya kifua. Akawaeleza kwa upole kwamba maji yamefika kwenye mapafu na hayatoki yote siku moja; yatavutwa kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, na uzito uliopangwa utashushwa hatua kwa hatua. Kesho asubuhi aje, ingawa si siku yake. Habari ya kupungua aliieleza kwa uangalifu zaidi. Mwalimu amepungua kweli, labda kilo tano sita, ila kilichoondoka zaidi ni misuli, na mwenye figo zilizokufa anaihitaji misuli kuliko hata mtu mwenye afya. Hakuna mpasuaji atakayempasua mtu aliyejinyima hivi. Itabidi ale vizuri, mayai, samaki, nyama kwa kipimo atakachopewa, na apungue polepole chini ya jicho la mtu. Akamwita mtaalamu wa lishe kwa simu palepale, wakapanga siku isiyogongana na mashine.

"Nianze upya, kwa hiyo," Mwalimu akasema.

"Usianze upya," daktari akajibu. "Anza sawasawa."

Walipotoka jua lilikuwa limelegea. Wakaketi kwenye benchi la nje, lile la kungojea, maana Mwalimu hakuweza kufika getini kwa mkupuo mmoja. Walikaa mabega yamegusana. Fundi ndiye aliyeanza, akitazama mbele.

"Miaka sikuombi. Miaka niliwahi kuahidiwa, na aliyeniahidi hakuwa mwongo. Nakuomba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Zile siku zako mbaya. Hizo ndizo ninazozitaka, na unipe zikiwa hivyo hivyo zilivyo, usinipunguzie."

Mwalimu alifumba macho. Alitamani kusema ndiyo mara moja, lakini alikuwa na ahadi ya mtu mwingine shingoni, na yeye si mtu wa kutoa neno juu ya neno.

"Nipe mpaka kesho," akasema.

Fundi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akasimama, akampa mkono, akauliza kama ilivyo desturi yao, na Mwalimu akamjibu kwamba leo ni polepole sana sana.

*

Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha ukutani, damu ikizunguka kwenye mipira, mashine ikivuta maji tu. Saa moja ilikuwa imepita, na kifua chake kilikuwa kimeanza kupata nafasi. Fundi alikuwa nje kwenye benchi. Mwalimu aliinua macho akamwona mama yake Fundi amesimama miguuni pake, na mkoba wake.

Sista alimpa kiti akajiondoa. Bi mkubwa hakukaa. Mwalimu akamwamkia, akaitikia kwa kunong'ona, huku macho yake yakifuata ule mpira mwekundu kutoka mkononi mpaka kwenye mashine na kurudi. Ilionekana wazi kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho.

"Ulisema kabla ya Ijumaa," mama akasema hatimaye.

"Nilisema, Mama. Na jana nilikwenda kumwacha, nikamwambia kwa mdomo wangu. Nimeshindwa." Mwalimu alivuta pumzi, akafurahi kuona kwamba inavutika. "Na sasa sitaki kujaribu tena. Ile ahadi niliyokupa naivunja, na naivunja hapa mbele yako, usije ukasikia kwa watu ukadhani nimekuzunguka."

Mama akaukumbatia mkoba wake.

"Kwamba sitakufa, siwezi kukuahidi. Anayeweza kuahidi hilo mimi simjui. Lakini sitamficha kitu. Daktari akijua leo, mwanao atajua leo. Asije akashtukizwa mara ya pili. Hilo naweza, Mama, na hilo nakuahidi."

Mashine ikalia mlio wake mfupi, Sista akaja akabonyeza kitufe, akaenda. Bi mkubwa alisubiri aondoke.

"Alinieleza jana," akasema. "Alikaa jikoni akanieleza yote, ya tepe, ya maji, ya kulala kitini. Tangu mkewe afariki hajawahi kunieleza kitu kirefu hivyo." Akatazama chini. "Na mimi nilikuona Jumapili unapumua kwa shida. Nikajisemea ni unene. Nikaendelea na maneno yangu."

"Kila mtu alisema ni unene, Mama. Hata mimi."

"Inauma hiyo?"

"Sindano tu. Baada ya hapo ni baridi."

Mama akafungua mkoba. Akatoa mtandio mzito, akaukunjua, akaufunika juu ya miguu ya Mwalimu iliyovimba, akiuchomeka pembeni na chini ya visigino, kama mtu aliyezoea kufunika waliolala. Alipomaliza akabaki ameinama, mkono mmoja juu ya mguu.

"Sijasema ndiyo," akasema.

"Nimesikia, Mama."

"Naogopa sana, mwanangu. Usidhani nakuchukia."

"Sidhani. Naogopa na mimi."

Bi mkubwa akanyooka, akatazama saa ya ukutani, kisha mashine, kisha mlango wenye kioo ambao nyuma yake bega la mwanawe lilionekana limeegemea ukuta.

"Bado muda gani?"

"Saa tatu."

Mama akakivuta kile kiti mpaka karibu kabisa, upande wa mkono usio na sindano. Akakaa kwa kishindo cha mtu mzima aliyetembea kutoka mbali, akaweka mkoba sakafuni, akamwita Sista.

"Huyo aliyeko nje," akasema, "mwambie aende kazini. Leo nitakaa mimi."